Moyo wa Kuazima

Shemeji yangu kazini walimwita Bawabu, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata dada yangu akawa analitumia siku akimkasirikia. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni. Si mlango wa benki wala wa hoteli, na hakuwa na sare yenye vifungo vya kung'aa. Alikaa kwenye tundu la tangi la mafuta lililofukiwa ardhini, tundu la kupita mtu mmoja na mabega yake basi, na wenzake wakishuka humo kukwangua tope lililoganda chini, yeye alibaki juu ameshika kamba zao.

Mimi ni fundi cherehani. Nilihamia kwao ndoa yangu ilipovunjika, nikapewa chumba cha uani, nikaweka mashine yangu dirishani, na hadi leo sijaambiwa niondoke ingawa mdomo wangu umewapa sababu nyingi. Ovaroli za watu wa matangi nashona mimi. Kwa hiyo navijua vifua na viuno vyao kuliko wake zao wanavyovijua, na naweza kusema bila kumung'unya maneno kwamba watu hao hawana miili ya chuma. Ni wanaume wa kawaida, wengine wana vitambi, wengine magoti mabovu, ambao wamekubali kuingia mahali ambapo wewe na mimi tungekataa hata kuchungulia.

Ovaroli peke yake haitoshi. Mtu anafungwa mikanda kifuani na mapajani, mikanda inaunganishwa na kamba, na kamba inapita kwenye winchi iliyosimama juu ya tundu kwa miguu mitatu ya chuma. Usoni anavaa kinyago chenye mpira mrefu unaomletea hewa kutoka nje. Humo ndani hakuna kuzungumza. Zamani Bawabu aliongea nao kwa kamba: anavuta kidogo, anasubiri avutwe naye, akijibiwa anaridhika. Ukimwuliza siku nzima amefanya nini, atakwambia amevuta kamba. Dada yangu alimtania kwamba ameolewa na mteka maji asiyeleta nyumbani hata ndoo moja.

Halafu zikaja bangili. Ofisi ilizipa jina refu, kifaa cha kufuatilia afya ya mfanyakazi katika mazingira hatarishi, jina ambalo ukilitaja lote chai inapoa. Wanaume wakaziita bangili kwa kejeli, kwa kuwa walivishwa mkononi kama maharusi, kisha wakazibatiza mara ya pili wakaziita mke mdogo. Kisa ni kwamba hazikuruhusiwa kuvuliwa. Mtu alitakiwa ale nayo, alale nayo, aende nayo chooni, ili kifaa kiujue moyo wake ukiwa umepumzika na ukiwa kazini, na kijue joto la mwili wake na usingizi wake. Kila moyo ukawekewa kikomo chake. Moyo ukipita kikomo, jina la mwenyewe linageuka jekundu kwenye kishikwambi alichopewa Bawabu, na mwenye jina jekundu hutolewa kwanza, bila mjadala.

Bila mjadala ndiyo maneno yenyewe. Mkufunzi aliyekuja kuwafundisha aliyarudia mpaka yakawaingia. Mtu aliyezidiwa ndani ya tangi, kwa hewa mbaya au kwa joto, huwa hajijui. Atakwambia ni mzima, atakusukuma, atakutukana, atakutajia mtu mwingine. Usisikilize mdomo wake, alisema, tazama mkono wake. Na alisema kweli. Sitaki mtu asome haya adhani nawasema vibaya mkufunzi au bangili zake. Bangili hazikudanganya hata siku moja.

Dada alipomwona mwanawe wa mwisho, ambaye sote tunamwita Kitinda, ameketi mezani na bangili yake mpya, alimgeukia mumewe.

"Huyo mke mdogo mwambie aje na kufua, basi. Ovaroli zenu zimenichosha."

"Atafua," Bawabu akamjibu. "Ila atatoa taarifa ofisini kwamba sabuni yako haitoshi."

Alikipenda kile kishikwambi. Alikibeba nyumbani kimeviringishwa kwenye taulo, maana ofisi ilitaka mioyo iangaliwe hata watu wakiwa mapumzikoni, na siku ambazo Kitinda alijilaza mchana baba yake alikaa sebuleni akitazama mstari wa kijani unavyopanda na kushuka. "Shemeji, njoo uone," aliniita siku moja. "Mwanangu anaota." Nilimwambia aache upuuzi, ndoto ya mtu haionekani kwenye kioo. Lakini nilivuta kiti nikatazama naye, na nasema wazi kwamba kilikuwa kitu kizuri. Wazazi wengi humlea mtoto mpaka akaota ndevu bila kuuona moyo wake ukipiga.

Kitinda alishuka matangini na Mluzi. Huyu alimzidi umri kiasi cha kumwita kaka, ndiye aliyemfundisha kazi, na hakuwa na mtu mwingine duniani zaidi ya mama yake, mfagizi wa shule, aliyeishi naye mtaa wa pili kutoka kwetu. Jina alilipata kwa kupiga mluzi. Alipiga mluzi akitembea, akila, hata akipimwa ovaroli. Nilimwambia futi yangu inapoteza hesabu kwa ajili yake, akanipigia mluzi mwingine wa kuomba radhi. Akija kumwita Kitinda hakubisha hodi. Alisimama getini akapiga sauti mbili, ya juu kisha ya chini, na Kitinda akatoka mbio na mkate mdomoni.

Moyo wa Mluzi haukuwa mzima, na ni bangili iliyogundua. Mara mbili jina lake lilikuwa jekundu, mara mbili akatolewa juu huku akitukana, na daktari akampa vidonge na kumshushia kikomo. Ofisi ikamwambia kwamba ikitokea tena, matangi basi. Atabaki uwanjani akiosha makoleo na kukunja mipira ya hewa. Mwingine angeshukuru. Kwa Mluzi ilikuwa sawa na kurudishwa darasa la kwanza mbele ya watu aliowafundisha kusoma.

Asubuhi ya siku hiyo, wakivaa, alimnong'oneza Kitinda.

"Hebu niazime moyo wako, leo tu. Sijalala vizuri. Kidude hiki kitaniumbua."

Wakabadilishana bangili nyuma ya makabati, kama wanafunzi wanaopeana majibu ya mtihani. Kwao haikuwa ajabu. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengi walifanya hivyo, aliyelewa jana akivaa ya yule aliyelala mapema, na wakacheka kwamba wamebadilishana wake.

Sasa tulia kidogo unifuate, maana hapa ndipo pabaya. Kikomo cha Kitinda kilikuwa juu, kwa sababu ni kijana na moyo wake ni wa farasi. Kikomo cha Mluzi kilikuwa kimeshushwa. Mluzi akiwa na bangili ya Kitinda mkononi, moyo wake ungeweza kukimbia mbali sana kabla ya jina lolote kugeuka jekundu. Na likigeuka, lingekuwa jina la mtu mwingine.

Ikawa hivyo. Jua lilikuwa la utosini, Bawabu ameweka taulo lenye maji kichwani, kishikwambi mapajani, mkono mmoja kwenye kamba. Jina la mwanawe likaingia njano, na kabla hajasimama likawa jekundu. Akampigia kelele mzungusha winchi, "Mtoe Kitinda. Mtoe." Winchi ikazungushwa. Kitinda alichomoza kwenye tundu akirusha mikono, na hata hajakaa sawa aling'oa kinyago.

"Sio mimi, baba. Sio mimi. Ni Mluzi."

Baba yake alimsikia vizuri, kila neno. Lakini mtu aliyezidiwa husema hivyo hivyo, ndivyo walivyofundishwa, na mara ya mwisho alipokitazama kishikwambi, kabla ya kupiga kelele, jina la Mluzi lilikuwa kijani na mstari wake umetulia. Wakamlaza Kitinda chini kwa nguvu, wakamkalia miguu, wakambana usoni kinyago cha hewa safi. Alipigana nao. Kadiri alivyopigana ndivyo walivyozidi kuamini kwamba amezidiwa. Mwishowe akaifungua ile bangili kwa meno, akamtia baba yake kiganjani, na Bawabu akasoma namba iliyochapwa upande wa ndani. Haikuwa namba ya mwanawe.

Walimvuta Mluzi naye akaja mzito, kichwa kimelala begani. Kitinda ndiye aliyemkandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa likafika, na katika kuhangaika huko akaivua bangili yake kutoka mkono wa mwenzake na kujivisha. Sidhani alipanga kuficha kitu. Nadhani alifanya kama mtu anayeokota shati lake chumba kikiungua.

Ofisi ilipochunguza, kishikwambi kiliwapa hadithi iliyonyooka. Kitinda moyo ulikimbia, akatolewa, akapona. Mluzi moyo wake ulikuwa umetulia tuli, ukaruka kidogo, halafu mstari ukakatika ghafla. Bangili yake yenyewe haikuonekana, wakaandika kwamba imezama kwenye tope. Ule mstari ulikatika pale Kitinda alipotumia meno. Wao waliona moyo uliosimama. Wakavaa suti wakaenda kumwambia mama yake kwamba mwanawe hakuteseka hata kidogo, moyo wake ulikuwa mtulivu hadi mwisho, amekwenda kama mtu anayesinzia kitini.

Jioni ya mazishi Kitinda na baba yake walitueleza mimi na dada jinsi bangili zilivyobadilishwa. Bawabu alisema ile ya Mluzi aliitia mfukoni mwa koti siku ile, na alipoitafuta hakuiona. Tukaona imepotea kwenye vurugu. Dada akafunga madirisha yote ingawa kulikuwa na joto, kama vile maneno yangetoka nje yenyewe. Tungeishi hivyo, kila mtu na lake rohoni, kama mama yake Mluzi asingeanza kutujia.

Alikuja kila mwisho wa juma, ametoka kufagia, kitambaa kichwani bado kina vumbi la chaki. Alikaa kiti cha karibu na mlango. Aliulizia afya ya kila mtu, akanywa chai yake, akakiweka kikombe chini taratibu, na hapo sote tulijua kinachofuata.

"Baba Kitinda, hebu niambie tena. Moyo wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa umetulia, mama."

"Hakuhangaika."

"Hakuhangaika."

"Mungu mkubwa," alisema, na uso wake ukalegea, na kwa muda mfupi akafanana na mtu aliyelala.

Kitinda alikuwa na sikio la hatua zake. Akisikia tu kandambili zake getini, huyo, mlango wa nyuma, na harudi mpaka ameondoka. Mama wa watu akamaliza kwa kumtumia salamu. "Mwambieni mwanangu asinikimbie," alisema. "Nitamla?"

Mimi nilitaka aambiwe. Nilisema hivyo jikoni, nikasema hivyo uani, nikasema hivyo huku natia uzi kwenye sindano. Mwanamke anakuja nyumbani kwetu kila juma kunywa uongo na sukari, nilisema, na sisi tunamkorogea. Dada alinigeukia siku moja na mwiko mkononi.

"Ana kitu kimoja tu kinachomlaza. Unataka umnyang'anye ili ulale wewe?"

"Mimi nalala vizuri," nikamwambia.

Nilikuwa naongopa. Hakuna aliyelala vizuri nyumba ile. Na ukweli wa dada ulikuwa na uzito wake, sikuweza kuupuuza: mama yule akiambiwa, angejua kwamba mwanawe alikufa akihangaika, kwamba kilio cha moyo wake kilionekana wazi juani mbele ya macho ya mtu, na kwamba mtu huyo alimtoa mtoto wake mwenyewe. Angebaki na nini baada ya hapo? Na sisi tungemtazamaje?

Bawabu aliomba likizo, na likizo ilipoisha hakurudi. Hakuna aliyemwuliza. Hata kishikwambi hawakukidai. Kililala kabatini chini ya mashuka. Lakini kazi haikumwacha. Ulikuwa ukiingia bafuni unamsikia anasimama nje ya mlango.

"Uko sawa?"

"Niko sawa, shemeji. Nasugua visigino."

Hakuondoka. "Uko sawa?"

Nikichelewa kujibu, kitasa kilianza kuzunguka. Mwanzoni nilimfokea, nikamwambia nimeolewa mara moja na haikunifaa, sitaki mwanamume wa pili wa kunichungulia. Baadaye nikajizoeza kuoga huku naongea peke yangu kwa sauti, ili ajue naendelea kuwapo. Wateja wangu nao waliona. Akisalimiana na mtu alibaki ameushika mkono, kidole gumba kikitambaa polepole kutafuta mshipa, na alipoupata alikuwa kama anasikiliza kitu kilicho mbali. Mteja mmoja aliniuliza pembeni kama shemeji yangu amekuwa mganga.

Kuhusu mluzi nitasema nilichosikia, nisiongeze wala nisipunguze. Ilikuwa alasiri. Dada alikuwa anapepeta mchele, akasimama na ungo mikononi.

"Umesikia?"

Nilimwambia ni geti. Upepo ukilisukuma geti letu, lilikuwa na tabia ya kulia. Nikachukua mafuta ya cherehani, nikapaka vyuma vyake vyote, nikalisukuma mbele na nyuma mpaka likanyamaza kabisa. Siku chache baadaye, upepo umetulia, nikiwa peke yangu dirishani, nikasikia sauti mbili, ya juu kisha ya chini. Siamini mizimu. Niliinuka nikaenda getini hata hivyo, na hapakuwa na mtu, nikarudi nikaharibu mshono mzima wa kola. Nilipogeuka, Kitinda alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake, pekupeku, anatazama nilikotoka. Tulitazamana. Hakuna aliyemwuliza mwenzake.

Kijana wetu alikuwa anayeyuka. Suruali zake nilizipunguza kiuno, nikazipunguza tena. Hakuvaa tena shati la mikono mifupi, kuwe na joto kusiwe na joto. Dada alimpikia kila alichowahi kukipenda, akala vijiko viwili vya heshima.

Kisha mama yake Mluzi akaja siku isiyo yake. Ilikuwa saa za mchana, na alikuwa amevaa nguo ya kutokea. Kitinda hakuwahi kutoka. Yumo chumbani kwake, na kutoka humo hadi mlango wa nyuma lazima upite sebuleni. Mimi nilikuwa pale nampima dada blauzi, pini nimeziuma mdomoni. Mama hakutaka chai.

"Kuna mwalimu pale shuleni ameniambia jambo," alimwambia Bawabu. "Anasema vifaa vile havipotezi kitu. Kila pigo linabaki humo. Anasema mtu akitaka anaweza kuliona."

Bawabu alianza kukunja na kukunjua kona ya kitambaa cha meza.

"Nataka kuuona huo utulivu wa mwanangu. Umeniambia sana, na nakushukuru, lakini usiku maneno yananikimbia. Nikiuona mara moja kwa macho yangu nitakuwa nao. Sijawahi kukuomba kitu kingine."

Dada alinitazama. Mimi nikamtazama Bawabu. Angeweza kusema kishikwambi kimerudishwa ofisini, au kimeharibika, au chochote. Aliinuka, akaenda kabatini, akakitoa chini ya mashuka. Kilikuwa kimekwisha chaji. Tukakichomeka ukutani tukakaa tunakisubiri, watu wazima wanne.

Kilipowaka, majina yalitokea yamepangwa, karibu yote ya kijivu, kwa kuwa wenyewe walikuwa mbali. Moja tu lilikuwa kijani. Kando yake kulikuwa na namba, na namba ilikuwa inabadilika, na chini yake mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Lilikuwa jina la Mluzi.

Bawabu akaweka kiganja juu ya kioo, lakini alichelewa. Yule mama ni mfagizi, si kipofu, na jina la mwanawe analijua likiandikwa. Akausogeza mkono wake kando, kwa upole, kama mtu anavyosogeza pazia.

"Mbona inatembea?"

Bawabu aliurudisha mkono mapajani.

"Hii ni ya siku ile?"

Hapo ndipo angeweza kumalizana na jambo lote. Angesema ndiyo, mama, ni ya siku ile, tazama ulivyotulia, na mama angetazama, angeridhika, angekwenda zake na kitu alichokuja kukichukua. Niliona midomo yake inaliandaa neno hilo. Nami, niliyekuwa nikipiga kelele za ukweli jikoni na uani, nakwambia nilikuwa naomba alitamke.

"Hapana, mama," Bawabu alisema. "Ni ya sasa hivi."

Mama alikaa akikitazama kioo. Kisha akamwita mwanawe. Hakutumia jina la Mluzi, alitumia lile alilompa mwenyewe, ambalo sisi tulilisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Aliliita taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule. Namba ikaruka. Akaliita tena. Namba ikapanda, mstari ukabanana, jina likaanza kuingia njano, na nyuma ya pazia la chumba cha pili tukasikia kitanda kikilia.

Kitinda alitoka mwenyewe. Alisimama ameegemea ukuta, akapandisha mkono wa sweta. Bangili ilikuwa imembana, ngozi imebadilika rangi pembeni yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Mwanangu, kwa nini umevaa ya mwenzio?"

"Nikiivua atazimika."

Mimi bado nilikuwa na pini mdomoni, na sikuthubutu kuzitoa.

Akamweleza. Alimweleza habari ya makabati, na kuazima moyo, na vikomo viwili, na kinyago walichombana nacho huku akisema sio mimi. Hakumsingizia mtu. Alieleza bila kuinua sauti, na wakati wote kishikwambi pale mezani kilionyesha hali yake, ingawa hakuna aliyekuwa anakitazama tena. Mama alisikiliza mikono imelala mapajani.

"Basi hakutulia," alisema mwishowe.

"Hakutulia, mama."

"Aliita?"

"Mtu hawezi kuita na kile kinyago." Kilichofuata hata sisi hatukuwahi kukisikia. "Alinishika mguu. Winchi ilipoanza kunipandisha alikuja akanishika mguu, akauganda. Niliinama nimfikie mkono, mikanda ikanirudisha juu. Nilimwona macho kwenye kioo cha kinyago. Nikajaribu tena. Lakini kamba ilikuwa inavuta kwa nguvu sana, mama, na mikono yake ilikuwa na tope la mafuta. Ikateleza."

Bawabu alikuwa amekaa akitazama viganja vyake.

"Niliusikia huo uzito," alisema. Alikuwa anamwambia mwanawe, si mama. "Kamba ilikuwa nzito ghafla. Nikasema mtoto wangu amezimia, nikamwambia mwenzangu akaze. Akakaza. Halafu ikawa nyepesi." Alivifumba viganja. "Ilipokuwa nyepesi nikamshukuru Mungu."

Mama yake Mluzi hakulia na hakumlaani mtu.

"Mguu upi?" aliuliza.

Kitinda akasogeza wa kulia mbele kidogo. Mama akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni na nguo yake ya kutokea, akapandisha pindo la suruali, akaushika mguu kwa mikono yote miwili juu ya kifundo. Akauganda. Kitinda alibaki amesimama vile vile, mgongo ukutani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia mama amwachie.